Imepokelewa

Katika ofisi ya vipimo vya mto kulikuwa na madaftari mawili ya jalada gumu, na kwa siku tisa madaftari hayo yalikuwa yakigombana. La kwanza lilikuwa la darajani, ambako mto ulishuka kila siku. La pili lilikuwa la maporomoko, juu mlimani, ambako mto huohuo ulisimama palepale: sentimita themanini na nne, themanini na sita, themanini na tano. Mvua ilikuwa imenyesha wiki tatu bila kupumua.

"Ubao wa vipimo wa darajani ndio mbovu," alisema mkuu wa kitengo. "Lori liligonga nguzo yake mwaka jana. Tutaagiza mwingine."

Mhandisi, ambaye ofisini walimwita Sentimita kwa sababu hakukubali neno "kama" mbele ya namba, hakubisha. Vipimo vya maporomoko vililetwa na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na ni Sentimita mwenyewe aliyemwombea kazi hiyo miaka kumi na moja iliyopita. Kila siku saa moja asubuhi ujumbe uliingia. Sentimita aliuandika daftarini, akatia saini, akajibu neno moja: Imepokelewa. Ndio utaratibu. Kipimo kisichojibiwa hakikuhesabiwa kuwa kimetumwa, na msomaji alitakiwa asiondoke penye mtandao mpaka ajibiwe. Shemeji hakukosa hata siku moja.

Sentimita mwenyewe hakuwahi kufika huko. Maporomoko yalijificha ndani ya korongo, na njia yake ilisifika kwa ubaya. Sasa alitaka kitu kidogo tu: auone ubao ule kwa macho yake, aandike namba, amalize ugomvi wa madaftari.

Alifika kwa dada yake alfajiri, mabuti mkononi. Dirisha la jiko lilitazama mto, hatua thelathini tu kutoka ukingoni. Dada alikuwa akishindilia mablanketi kwenye beseni.

"Leo nayafua yote," alisema. "Mto umekuwa mpole kama mkwe wa wiki ya kwanza. Unavuka bila kuloa magoti."

"Mtakuwa wangapi huko?"

"Mtaa mzima. Mwenye duka ameshapanda mboga katikati ya mto, kwenye mchanga. Nikamwambia, babu, hiyo ni bustani au ni mazishi?" Akacheka, akamgeukia mumewe. "Na wewe, usimchoshe mdogo wangu. Namtaka arudi na miguu yote miwili."

"Mimi ndiye nitakayechoshwa," alisema shemeji. Alikuwa ameketi akilisugua goti lake la kulia. "Huyu hatembei, anapima. Shemeji, kwa nini usingoje mvua ikatike vizuri? Njia inateleza."

"Ulipita juzi, ukapita jana. Nami nitapita. Ni mwendo wa saa ngapi?"

"Saa moja. Ukijikaza."

"Basi leo usitume ujumbe. Tutasoma pamoja."

"Sawa, bosi wangu," alisema, akitazama sakafu.

Waliondoka saa kumi na mbili kamili. Saa moja ilipofika walikuwa bado mashambani. Saa mbili ilipofika walikuwa ndani ya msitu, ukungu ukining'inia kwenye matawi, na mlima haujaanza kupanda sawasawa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sentimita aliikumbuka methali hiyo, akaiweka pembeni, kwa kuwa methali si kipimo. Ila hesabu aliifanya. Mtu anayetuma ujumbe huko juu saa moja asubuhi lazima aondoke nyumbani saa kumi usiku, kila siku, miaka kumi na moja. Dada yake hakuwahi kusema mumewe anaamka saa kumi.

Penye njia panda shemeji alisimama, akashika kushoto. Baada ya hatua mia moja njia iliishia kwenye kichaka.

"Mvua imebadilisha njia," alisema.

Katikati ya njia hiyo palikuwa na mti mchanga. Sentimita aliuzungushia kiganja, vidole havikukutana. Mvua ilikuwa ya wiki tatu. Mti ulikuwa wa miaka.

Walirudi, wakashika kulia. Alama za rangi nyekundu, ambazo ofisi ilitolea kopo zima la rangi, zilikuwa zimefunikwa na kuvu. Alizitafuta kwa kukwangua magome kwa kisu. Shemeji alikuwa nyuma sasa, akihema. Hakuna aliyesema kwamba mwenyeji ndiye anayefuata.

Kisha wakafika kwenye ukuta wa jiwe, mrefu kama nyumba ya ghorofa mbili. Kamba ya kupandia ilikuwepo, imefungwa kwenye shina la mti juu kidogo ya kichwa. Sentimita alijaribu kupenyeza ukucha kati ya kamba na gome. Haukuingia. Gome lilikuwa limeimeza kamba yote, yamebaki matundu mawili, moja la kuingilia na moja la kutokea. Aliivuta kidogo. Ikakatika mkononi kama mkate mkavu.

"Shemeji," alisema, "mara ya mwisho kuishika kamba hii ni lini?"

"Si nimekwambia…"

"Sikuulizi ulichoniambia."

Shemeji aliketi juu ya mzizi na kuunyoosha mguu.

"Nilianguka hapohapo uliposimama," alisema. "Goti likalia kama kuni. Nikasema nitapumzika wiki moja, nitume namba za kukadiria, nikipona narudi."

"Lini?"

"Miaka mitatu sasa."

Sentimita alikuwa akihesabu ni mara ngapi alikuwa ameandika lile neno moja. Zaidi ya elfu.

"Nilikuwa natazama mvua, natazama mto pale dirishani," alisema shemeji. "Mara nyingi nilipatia. Hata wewe ulinisifu."

"Na siku hizi tisa? Dirishani mto unashuka. Mbona namba zako hazikushuka?"

"Nani angeandika mto umeshuka na mvua inanyesha? Mngekuja kukagua." Akalishika goti. "Halafu mkasema wenyewe ubao wa darajani ni mbovu. Nikaona basi, wataalamu wamesema."

Hapo ndipo ubaridi ulipomshika Sentimita, na haukuwa ubaridi wa ukungu. Ofisi ililipuuza daraja kwa kumwamini shemeji. Shemeji alijiamini kwa kuiamini ofisi. Lakini kama namba za maporomoko zilikuwa za uongo, basi za darajani zilikuwa za kweli. Mto ulikuwa unashuka kweli, katikati ya mvua kubwa. Maji hayapotei. Kama hayakufika darajani, yalikuwa mahali.

"Tushuke?" aliuliza shemeji.

"Tunapanda."

Walipanda kwa mizizi, yeye mbele, akimshushia shemeji mkono. Saa tatu unusu wakawa juu, kwenye mgongo wa mlima. Ukungu ulifunga kila upande. Simu ya Sentimita ilitetemeka. Mtandao, uliopotea msituni, ulikuwa umerudi, ukaonyesha vijiti viwili.

"Kuanzia hapa unayasikia maporomoko," alisema shemeji. "Zamani ilibidi mtu upige kelele ili mwenzako akusikie."

Walisimama. Matone yalidondoka kutoka kwenye majani. Mdudu mmoja alilia, akaacha. Zaidi ya hapo hapakuwa na sauti yoyote.

Walishuka dakika thelathini upande wa pili, mtandao ukapotea, wakatokea kichwani mwa maporomoko. Ubao wa vipimo ulisimama kwenye mwamba, mweupe, umekauka mpaka namba ya chini kabisa. Chini yake, pale ambapo mto wote ulipaswa kujitupa, ukuta mweusi wa jiwe ulilowa tu, na uzi mmoja wa maji ulitambaa juu yake, mwembamba kama kamba ya kiatu.

Hatua mia mbili juu ya hapo korongo lilikuwa limezibwa. Ubavu mzima wa mlima ulikuwa umeshuka: udongo mwekundu, mawe, miti iliyolala mizizi ikitazama juu. Walipanda bega la kifusi kwa mikono na magoti. Upande wa pili palikuwa na ziwa. Halikuwa na jina wala hakuna aliyelijua. Maji yalitulia, rangi ya chai ya maziwa, na katikati yake vilele vya miti vilisimama kama watu waliozama hadi shingoni.

"Mungu wangu," alisema shemeji, kwa sauti ndogo.

Sentimita alikata mikato kwenye fimbo yake kwa kisu, sentimita kumi kwa kumi, akaichomeka ukingoni, akatazama saa. Dakika kumi: sentimita tatu. Toka hapo hadi sehemu ya chini kabisa ya ukingo wa juu wa kifusi ilibaki mita moja na robo. Hiyo ilimaanisha kama saa saba kabla maji hayajamwagika juu. Alilisikia neno "kama" kichwani mwake na hakulipenda. Kisha akatazama upande wa pili, chini ya kifusi, akaona chemchemi mpya iliyotoboka kwenye udongo. Maji yake yalikuwa safi. Yakigeuka tope, maana yake kifusi kinaliwa kutoka ndani, na hapo saa saba hazina maana.

"Dada yako yuko mtoni," alisema shemeji.

"Najua. Mtandao uko juu, na wewe huwezi kukimbia. Nisikilize." Akamvulisha koti lake la mvua la rangi ya chungwa, akampa mkononi. "Utakaa hapa. Utazame fimbo, utazame chemchemi. Maji yakifika mkato wa tatu, au chemchemi ikibadilika rangi, inua koti. Ukungu unapanda, nitakuona. Nikikuona nitainua kitambaa changu cha kichwani. Ukikiona kitambaa, panda mpaka ule mwamba mkubwa na usigeuke nyuma."

"Na nisipokiona?"

Lilikuwa swali la kikazi, na alilijibu kikazi. "Unangoja. Ishara isiyojibiwa haijatumwa."

Shemeji alitabasamu kidogo. "Miaka mitatu nimekutumia uongo ukaujibu palepale. Leo ndiyo nitume kweli, ningoje?"

"Soma fimbo, shemeji."

Alipanda kwa dakika ishirini na mbili, mapafu yakiwaka. Juu ukungu ulikuwa umepasuka, na kupitia jeraha jekundu la mlima aliweza kuona kifusi, ziwa, na kidoa cha rangi ya chungwa kimejikunja ukingoni. Akapiga simu kwa dada yake. Haikupokelewa. Mara ya pili, hivyohivyo. Ya tatu ikapokelewa, nyuma yake vicheko na nguo zikipigwa juu ya mawe.

"Mdogo wangu, mmefika? Mablanketi yamenishinda, nime…"

"Dada, toka mtoni sasa hivi. Waite wote. Mpande mpaka shuleni."

"Ebo. Mume wangu jana si alisema maji ni ya kawaida?"

"Alidanganya. Kuna ziwa juu yenu. Acha mablanketi. Dada, nakuomba, uyaache."

Vicheko vilikatika. Alimsikia dada yake akipaza sauti kwa majirani, sauti ile ya kuitia watoto waliovuka barabara, kisha beseni likigonga jiwe, kisha miguu majini. Akakata, akampigia mkuu wa kitengo, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na idhini ya king'ora na ya kufunga daraja.

"Ziwa gani?" aliuliza mkuu. "Daftari liko mbele yangu. Jana, themanini na sita. Na hapa kuna saini yako: imepokelewa."

"Ni uongo. Ubao ni mkavu."

"Na juzi?"

"Uongo."

"Sentimita, unaniambia nipige king'ora na nifunge daraja kwa maneno ya mtu ambaye mwenyewe ametia saini…" Kurasa zilisikika zikifunuliwa. "Hebu ngoja. Wiki iliyopita?"

"Miaka mitatu, Mkuu. Miaka mitatu yote. Mtume mtu atazame mto kwa macho. Hauna maji."

Alikuwa ameupa mlima mgongo, kidole kwenye sikio, akihofia mtandao usipotee. Kurasa ziliendelea kufunuliwa, moja baada ya nyingine. Kiti kilisogezwa, mlango ukafunguka, na mwishowe, mbali ndani ya simu, king'ora kikaanza kulia.

Sentimita aligeuka.

Koti la chungwa lilikuwa juu. Lilipepea kushoto na kulia, taratibu, kama mkono uliochoka. Hakujua limekuwa juu kwa muda gani. Chini ya kifusi, pale ilipokuwa chemchemi, palikuwa na mfereji mwekundu mpana kama barabara.

Alivua kitambaa kichwani, akakiinua kwa mikono miwili.

Koti lilishuka palepale. Kidoa cha chungwa kikaanza kupanda kuelekea mwamba mkubwa, hatua moja, mapumziko, hatua moja. Alikadiria umbali: mita arobaini. Alikadiria mwendo. Kisha akaacha kukadiria.

Simu ililia mkononi. Dada yake alikuwa akihema, watu wakizungumza wote kwa pamoja nyuma yake.

"Tumefika shuleni. Tumehesabiana, tumetimia. Mto bado uko chini, watu wananiuliza niwajibu nini." Akavuta pumzi. "Mume wangu je? Yuko na wewe?"

Kutoka korongoni sauti ilianza, nzito, kwanza kwenye nyayo kabla ya masikio. Maporomoko yalikuwa yanarudi. Sentimita alikitazama kidoa cha chungwa. Kilikuwa kimesimama. Kikasogea tena.

"Anapanda," alisema.

Wakati analisema, lilikuwa neno la kweli.