Mahali pa Yugu

Saa nane mchana, baada ya kuanika muhogo juu ya mwamba na kuwafukuza kuku waliodhani wameandaliwa karamu, Celestina alinawa mikono, akatandika mkeka nyuma ya jiko, akakunja miguu na kuanza kumwita mumewe. Alimwita kwa vipande. Mumewe, Yugu, alikuwa fundi wa baiskeli hapa Dranya. Alikufa mwaka wa themanini, na alipolala hapakujulikana. Majirani waliopita na ndoo za maji walimsalimia Celestina kwa sauti ya chini, kama unavyomsalimia mtu aliye mezani, wakaendelea na safari yao.

Kazi hiyo alijifunzia Arua. Kabla Wahindi hawajafukuzwa alikuwa msichana wa kazi kwa Mama Kusumu, mke wa mwenye duka la vitambaa. Kila baada ya chakula cha mchana mama huyo alikaa sakafuni, mgongo umenyooka, akautazama mwili wake kwa macho yaliyofumbwa. Celestina aliitwa akae naye, mwanzoni kwa kuwa magoti ya mama yalihitaji mtu wa kuyainua, baadaye kwa kuwa walizoeana. Mwili ni vitu vitano, alifundishwa. Nyayo hadi magoti ni ardhi, juu yake ni maji, kiuno hadi moyo ni moto, na moyo hadi katikati ya nyusi ni upepo. Juu ya hapo ni akasha, ule uwazi ambao vitu vyote hukaa ndani yake. Kila kimoja kina neno lake la kwenda na pumzi: lam, vam, ram, yam, ham. Anayejua kukaa huyeyusha ardhi katika maji, maji katika moto, moto katika upepo, upepo katika uwazi, mpaka asibaki mtu wa kusumbuliwa. Na mtu akifa, alisema Mama Kusumu, kila kimoja hurudi kwao.

Mwaka wa sabini na mbili Mama Kusumu naye aliambiwa arudi kwao. Alikuwa amezaliwa Arua. Alimwachia Celestina sufuria mbili na mkeka. Sufuria ziliporwa baadaye, lakini mkeka hakuna aliyeutaka.

Celestina alikuwa Mkatoliki, hakuwa na shanga nyingine, akayatia maneno yale matano kwenye makumi matano ya rozari. Severino, katekista wa kigango, alimkuta siku moja akasimama kusikiliza.

"Mama Poni, hii rozari iko ya Bikira. Wewe nasoma nini?"

"Nasoma tano, katekista. Hata yako iko tano."

Severino alihesabu kwenye vidole, akaona ni kweli, akaenda zake.

Kosa la Celestina, kama ni kosa, lilikuwa jingine. Mama Kusumu alifundisha mtu ajiyeyushe mwenyewe. Celestina hakutaka kuyeyuka tena, maana miaka saba ya ukimbizi Zaire ilikuwa imemyeyusha ya kutosha. Alitaka vile vitano vimrudishie mtu wake ili amzike. Ukoo wa Yugu ulikuwa umekataa kumaliza kilio bila kaburi, na matanga ya miaka minane si matanga tena, ni ugonjwa. Hakuomba zaidi ya hapo. Alitaka tuta la udongo ubavuni mwa nyumba, mahali pa kukaa jioni.

Siku wanajeshi wa serikali mpya walipoingia kijijini, Yugu alikuwa ameshamvusha mkewe na mtoto mpakani, akarudi kuchukua sanduku lake la viraka na pampu. Hakuonekana tena. Aliyefika Zaire kutoka kijijini baada ya hapo alikuwa jirani yao Amandu, mchuuzi, mtu ambaye hakuwahi kushika jembe maishani mwake. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge, na udongo mwekundu ulikuwa umejaa kwenye kucha. Alipoulizwa kuhusu Yugu alisema amechoka, anaomba maji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walisahau kusema kwamba nguo yenyewe huivui, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo uliyo nayo.

Ardhi ilikuja kwanza. Asubuhi moja barazani palikuwa na lundo la udongo, kadiri ya mtu mzima, unaonuka grisi na mpira ulioungua. Mama Kusumu alikuwa amesema kwamba harufu ni mali ya ardhi. Kuku hawakuuchakura. Celestina aliufunika kwa gunia mvua isiuchukue, akaenda shambani.

Maji yalichelewa mpaka msimu wa kumbikumbi. Mtungi ulijaa bila mtu kwenda kisimani, na maji yake yalikuwa na chumvi kidogo, chumvi ya mtu aliyeshinda juani. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Wanaosema hivyo hawakukaa kuyaita kwa muda wa kutosha. Mengine Celestina alipikia maharagwe, na yaliyobaki aliumwagia ule udongo, ukashikana.

Moto na upepo vilikuja wiki moja, jambo ambalo Mama Kusumu asingelipenda, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu. Kwanza upande wa pili wa kitanda ulipata joto. Kisha, Celestina alipoinama kusaga mtama, pumzi ilimpitia shingoni, vile Yugu alivyozoea kumpulizia akipita nyuma yake kwenda kutafuta kiraka. Hapo Celestina alilia, mara ya kwanza tangu Zaire, na alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Kesho yake Yugu alikuwa amesimama karibu na zizi la mbuzi, mwekundu kidogo, mwenye joto, akihema.

"Umerudi," alisema Celestina.

Yugu alifumbua kinywa, sauti haikutoka. Sauti ni mali ya akasha, na akasha haikuwa imekuja. Binti yao Poni, aliyekuwa mgongoni siku ile ya kukimbia na sasa alikuwa ameanza kuota matiti, alipiga goti akamwamkia baba, akamletea maji ya kunawa, akarudi kumenya muhogo.

Haikuchukua muda watu kutambua kasoro yake. Yugu alipoketi kwenye benchi katikati ya wanawake waliobanana, hakuna aliyesogea, na wote walienea. Aliposimama kati ya mbuzi wawili, mbuzi waliendelea kugusana. Ungeweza kumwona, kumnusa, hata kumshika mkono, lakini hakuwa na mahali.

Ukoo ulisema azikwe hivyo hivyo, ng'ombe mzima haachwi kwa sababu ya mkia. Wakachimba ubavuni mwa nyumba. Yugu, ambaye alikuwa mtu wa kusaidia tangu zamani, alishuka mwenyewe akalala. Severino aliomba. Walipofukia, udongo wote uliotoka ulirudi, kaburi likawa sawa na uwanja, bila tuta hata la kumkwaza kuku. Watu walipoinua vibuyu vya pombe ya kwete kunywa, Yugu alikuwa nyuma yao, anajikung'uta.

"Mama Poni," alisema Severino, "huyu mutu hana pahali. Pahali yake iko na mutu ingine."

"Najua nani iko nayo," alisema Celestina.

Kila mtu alijua. Amandu sasa alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na alikuwa amejenga duka la matofali ya kuchoma kando ya barabara ya Koboko, pale lilipokuwa ghala la zamani la pamba. Sakafu yake ya saruji ilikuwa laini, watu walivua viatu kwa heshima ya sakafu. Celestina alimchukua mumewe wakaenda.

"Karibu, Mama Poni," alisema Amandu kutoka nyuma ya meza. "Yugu, habari ya siku mingi?"

"Muzee Amandu, sisi hatutaki kesi. Onyesha tu pahali."

"Pahali gani?"

"Ile ulichimba."

"Ile wakati kila mutu ilikuwa nakimbia. Mimi nilichimba nini? Nilichimba muhogo, njaa ilikuwa nauma."

Wanunuzi walitazama rafu za sabuni kwa makini sana. Yugu hakungoja wamalize kubishana. Alitembea polepole kati ya watu bila kumgusa mtu, mpaka kwenye kona wanakopanga magunia ya chumvi. Siku hiyo gunia lilikuwa limebaki moja. Alisimama kando yake, na mwanamke aliyekuja kununua mafuta ya taa akasukumwa.

"We muzee, nanikanyaga," alisema mwanamke, akampisha.

Kivuli cha Yugu kikaanguka sakafuni, kifupi, cheusi, cha mtu kamili. Kisha sauti yake ikatoka. Haikuwa na ukali, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuvumilia. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwomba jirani kitu kidogo kama kiberiti.

"Amandu, ni mimi. Ambia hawa unanijua."

Pale dukani hapakuhitajika mfasiri. Kila aliyeishi miaka ile alilijua swali la wanajeshi: mnamjua huyu? Jirani akisema namjua, ni mkulima, ni fundi, mtu aliachiwa. Akisema simjui, jirani mwenyewe alipewa jembe amchimbie shimo. Yugu alilisema neno lake mara ya pili, kwa upole ule ule. Wanunuzi walichukua vitu vyao wakatoka. Mmoja alirudi, alikuwa amesahau wembe.

Celestina alipeleka jambo kwenye baraza la kijiji, na kwa kuwa mwenyekiti wa baraza ni Amandu, Amandu aliliendesha. Aliliendesha vizuri, hilo lazima lisemwe. Alimpa kila mtu nafasi ya kuzungumza. Mzee Igga alisema sakafu ile ikipasuliwa ukuta utafuata, na duka ndilo pekee lenye chumvi, madaftari na dawa ya malaria. Mwingine alisema Yugu tayari ana vitu vinne kati ya vitano, na kuna watu hai hapa Dranya ambao hawana hata vinne. Watu walicheka kidogo, Yugu naye alitabasamu, alikuwa amependa utani siku zote.

Celestina alisimama. Alinyoosha mgongo, kama alivyofundishwa.

"Wacha duka yake ikae," alisema. "Mimi sitaki kuvunja kitu. Nataka mwenyekiti aseme mbele ya watu. Huyu mutu, unamujua?"

Amandu alimtazama Yugu. Walikuwa wameoga mto mmoja utotoni, na Yugu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Yugu alifumbua kinywa, lakini baraza lilikuwa limekaa kwenye uwanja wa kanisa, si dukani, na hapakusikika kitu.

"Simujui," alisema Amandu.

Baraza lilifungwa kwa sala. Severino ndiye aliyesali, na baadaye alinywa soda ya Amandu, kwa sababu jua lilikuwa kali na soda ililetwa kwa kila mtu.

Jioni hiyo hiyo gari lilishusha chumvi. Amandu alipanga magunia kwenye ile kona kutoka sakafuni hadi darini, na mahali pa Yugu pakajaa. Yugu alirudi nyumbani, akasimama zizini kati ya mbuzi wawili, na hao mbuzi hawakuachana. Chumvi inapopungua, wanunuzi husikia kitu kama mtu anayesafisha koo. Ikipungua zaidi husikia jina la Amandu. Kwa hiyo Amandu huagiza mzigo mpya kabla wa zamani haujafika nusu. Hata mwaka ambao barabara ya Arua ilifungwa na Koboko yote ikala mboga bila ladha, Dranya chumvi ilikuwapo, na mpaka leo watu humsifu kwa hilo: mwenyekiti anatujali.

Celestina bado hukaa kwenye mkeka saa nane mchana. Ardhi, maji, moto na upepo haviiti tena, vipo. Husema ham tu, kumi zima la rozari na jingine juu yake, kisha hunyanyuka, hukunja mkeka, huchukua bakuli na kwenda dukani kwa Amandu kununua chumvi. Hununua kila siku, zaidi ya anayoweza kula. Mitungi yake imejaa, Poni analala na chumvi chini ya kitanda. Amandu anajua kwa nini anainunua, na Celestina anajua kwamba anajua. Wanaamkiana vizuri, wanaulizana habari za watoto, na Amandu humpimia bila kupunja.