Kipa Aliyecheka Golini

Siku ya fainali, kwangu palijaa kabla hata chai haijachemka. Nyumba yangu ya Ruhuwiko, hapa Songea, imepakana na uwanja, na mimi si mtu wa kufunga mlango. Wanaokwenda mpirani hupita kunywa maji, wanaorudi hupita kumtukana refa. Siku hiyo habari zilikuwa mbili. Ya kwanza ya Sixbert, kipa wetu, mtoto wa jirani yangu Getruda: kocha wa timu moja kubwa ya Mbeya alikuwa amefika kumtazama. Ya pili ya Kajetani, mtoto wa kaka yangu, ninayeishi naye.

Kajetani miaka yote amekula kwa picha za kipaimara na harusi. Akachoka. "Shangazi, maharusi wanakaa tu pale kama magunia ya mahindi," aliniambia. "Nataka kupiga watu wanaokimbia." Akanunua lenzi ndefu ya mtumba, akaanza kujiita mpiga picha wa michezo wa kujitegemea. Huko kujitegemea ugali ulikuwa wangu, ila sikusema. Akawaandikia wahariri wa Dar mpaka mmoja mwenye tovuti ya michezo, Shukuru, akamjibu: nitumie picha moja ya fainali hiyo. Ikinishika tunaanza kazi, isiponishika usinisumbue tena.

Ndiyo maana Kajetani alikaa nyuma ya goli letu, karibu kabisa na Sixbert, jicho kwenye kamera tangu filimbi ya kwanza.

Wapinzani wetu, Namtumbo, walikuja na lori zima la washangiliaji. Mpaka dakika za mwisho hakuna aliyemfunga mwenzake. Mara mshambuliaji wao akaachia shuti, Sixbert akaruka, akalipangua kwa ncha za vidole. Kona. Uwanja ukalipuka, mimi nilijikuta nimemkumbatia mwanaume wa watu, simjui.

Lile shuti lilimpita Kajetani. Alikuwa ameinamia kamera akikagua picha alizokwisha kupiga. Kelele zikamshtua, akainua kichwa, na kilichomtoka mdomoni ni kile anachowaambia watoto wa kipaimara kila mwaka nje ya kanisa:

"Sixbert! Hebu huku! Tabasamu kidogo!"

Sixbert, mtoto aliyelelewa, akageuka. Kwetu kamera ikikuita unasimama wima, unanyoosha shati, unaonyesha meno. Akainua na dole gumba. Namtumbo hawakusubiri apigwe picha. Kona ikachongwa haraka haraka, kichwa, wavuni.

Kidole cha Kajetani kilikuwa bado kimebonyeza.

Jioni kwangu palijaa tena, ila kama msibani. Kamera ikapita mkono kwa mkono. Sixbert meno yote nje, anatutazama sisi. Mpira uko usawa wa sikio lake, umeshavuka mstari. Nyuma yake mabeki wetu wameshika vichwa. Ilikuwa picha nzuri. Hilo ndilo lililoniuma.

"Futa," Getruda akasema.

"Mama Sixbert, sijaituma popote."

"Nimekuuliza kama umetuma? Nimesema futa."

Sixbert alikuwa mlangoni, jezi bado mwilini. "Kaka Kaje, kocha hakuniona nikigeuka. Alikuwa anaongea na simu. Anachojua ni kwamba nimefungwa, na kufungwa hata wakubwa wanafungwa. Lile shuti ameliona, ameniita Mbeya wiki ijayo. Ikitoka hiyo picha, basi tena."

"Sawa, mdogo wangu," Kajetani akajibu. "Kapumzike."

Sote tulisikia "sawa". Hakuna aliyesikia "nimefuta".

Walipoondoka nikamfuata. Alikuwa ameshafungua kompyuta.

"Si una nyingine?"

"Ninazo. Watu wanakimbia."

"Si ndicho ulichokitaka?"

"Kila mtu anazo hizo, shangazi. Hii hana mtu." Akabonyeza mbele ya macho yangu.

Kesho yake, misa ilipotoka, simu zilikuwa zinazunguka nje ya kanisa, picha imeandikwa juu: Kipa Bora wa Mwaka. Watu wanacheka huku wanafanya ishara ya msalaba. Kocha wa Mbeya akatuma ujumbe mfupi tu kwa kiongozi wa timu yetu: asije. Na Shukuru akapiga simu, kicheko chake nikakisikia mpaka jikoni.

"Kaka, umeua! Nipe vituko kama hivi kila wiki."

"Nina za mchezo pia, bosi."

"Za mchezo ninazo hapa Dar. Wewe nipe vituko."

Basi, kazi ikaanza hivyo. Kajetani alipokwenda kupiga mechi Maposeni, wachezaji walipomtambua wakavuta jezi wakaziba nyuso. Nahodha akamwambia refa, huyu akikaa nyuma ya goli hatuchezi. Akasogezwa mpaka kwa wauza mahindi ya kuchoma, akarudi na picha za migongo. Shukuru akauliza sura ziko wapi. Hapa nyumbani Getruda alikuwa ameshaacha kukatiza uani kwangu, na wengine wakamfuata. Maharage nachambua peke yangu, redio ndiyo inaniongelesha.

Wiki iliyopita Shukuru akapiga simu na neno la mwisho: yule kipa aliyecheka yuko wapi sasa? Anataka picha yake mpya, la sivyo atatafuta mtu mwingine Songea. Kajetani akaja akachuchumaa mbele ya ungo wangu.

"Shangazi, Sixbert amekwenda wapi?"

Najua. Yuko kwa mjomba wake Namtumbo, Namtumbo hiyo hiyo, anafunga majani ya tumbaku. Najua hata nyumba yenyewe imepakwa rangi gani.

"Sijui," nikasema.

"Wewe? Wewe usijue?"

"Sijui."

Akanitazama, akavaa begi la kamera, akaenda kusimama kwenye uzio wa Getruda. Nikamsikia akisema shikamoo, mama. Akarudia, kwa sauti zaidi. Sikusikia ikiitikiwa.