Sheria ya Majina Matatu

Rafal mwenyewe ndiye aliyeitunga ile sheria, tena kwa kujiamini: mtu wa Mosul, Iraq, ana majina matatu, lake, la baba na la babu. Mstari wenye majina pungufu si mtu, ni takataka ya karani, programu iuruke. Nani angebisha? Hata Hikmat, fundi mwenzake katika ofisi ya kutafuta waliopotea, anayebisha mpaka rangi ya chai, hakubisha.

Hospitali zilikuwa zikileta orodha zao tangu mabomu yalipoanza kuanguka, na programu ya Rafal ndiyo iliyozisoma ili watu watafute ndugu zao. Binti huyu naye alikuwa na wake. Baba yake, seremala, alitoka kwenda kuteka maji mtaa wa pili, na mpaka leo, mwaka wa pili huu. Kila orodha ilipoingia, Rafal alianza na majina matatu ya baba yake. Wapi! Mama yake aligoma kukaa eda. "Nimkalie nani?" aliwafokea mashangazi. "Nyie mmeona maiti?"

Asubuhi moja akaingia mama mmoja na simu yenye picha ya karatasi ya hospitali.

"Mwanangu huyu hapa, Abbudi wa achari. Mashine yenu inasema hayupo. Aliyemzaa ni mimi au mashine?"

"Leo umepatikana, fundi!" Hikmat akacheka.

Rafal akautazama mstari ule. Jina moja tu. Jamani, mtu akiletwa juu ya mkokoteni damu zikimtoka, hajitambui, nani atamtajia karani jina la babu yake? Waliandikwa kama walivyoitwa mtaani.

Kurekebisha hakukuchukua hata robo saa, na hilo ndilo la kuudhi. Kila mstari wenye namba ya kitanda ni mtu, awe na majina matatu au nusu jina. Akazipitisha upya orodha zote. Wakatoka watu mia tatu na kumi na tisa. Hikmat kicheko kikamkauka.

Abbudi alikuwa amehamishiwa mji wa Erbil, yu hai. Mama yake akapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio. Rafal akatabasamu naye, huku jicho likishuka kwenye majina mengine.

"Abu Rafal. Miaka sitini hivi. Jeraha la kichwa. Hana kidole gumba cha kushoto, kovu la zamani. Akiulizwa lolote, hujibu jina hilo tu."

Gumba lile lilichukuliwa na msumeno Rafal akiwa darasa la kwanza. Na jina je? Abu Rafal ni baba wa Rafal. Wanaume wasio na mtoto wa kiume hujiita kwa mvulana wa kubuni, watu wasiwacheke. Baba yake alikataa katakata. "Ninaye Rafal," alisema, "wa kubuni wa nini?"

Alikuwamo katika orodha tano, wiki baada ya wiki, hospitali ya nusu saa kutoka nyumbani. Ya sita iliandika: amefariki, hakuna ndugu aliyekuja.

"Usijilaumu, dada," Hikmat alisema. "Mimi pia niliipitisha ile sheria."

"Hakuwa baba yako," Rafal akamjibu, akachukua mkoba wake.

Mama yake alikuwa jikoni akifunga dolma, mchele ndani ya majani ya mzabibu. Rafal akamweleza yote, hakuficha hata tarehe moja.

"Wiki tano alikuwa hai?"

"Tano, mama."

"Na hizo karatasi zilikuwa wapi?"

"Kwangu. Zote zilipita mikononi mwangu."

Mama akakaa chini, mikono imejaa mchele. Rafal akangoja apigwe, au atukanwe. Alitaka atukanwe.

"Kwa hiyo walimuuliza, 'Wewe ni nani?'" mama akasema taratibu, "akawa anakutaja wewe."

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila walipomuuliza."

Mama akamvuta kifuani, na hapo ndipo Rafal alipolia kwa sauti, kama mtoto, na mama naye akalia. Majirani waliosikia walianza kuja mmoja mmoja kuuliza nani amefariki.