Sukari Peke Yake, Sabuni na Kiberiti

Madame Léocadie alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja katika shule za Uvira, na kustaafu hakukumponya. Akipita mtaa wa Songo, alihesabu madirisha, ngazi, hata watu waliojifanya hawakumwona. Basi siku Jean-Marie, mwenye supamaketi mpya ya barabara kuu, alipobandika karatasi juu ya kese, pale pa kulipia, Léocadie ndiye mteja wa kwanza aliyeisoma mpaka mwisho.

Jean-Marie alipanga bei zake kwa dola, na kila asubuhi mashine ilizigeuza kuwa faranga. Ndiyo maana rafu zake zilijaa namba za ajabu ajabu. Noti ndogo za kurudisha chenji zilikuwa hazionekani tena mjini. Mwanzoni alirudisha pipi, watu wakagomba. Sasa karatasi ilisema: jumla itasawazishwa kwa mia. Mabaki yakifika hamsini, inapanda, yasipofika, inashuka.

"Haki kabisa," Léocadie akajisemea, na akaanza kutabasamu peke yake katikati ya duka.

Akachukua kilo ya sukari, kipande cha sabuni na kiberiti. Kwenye kese alikaa Déborah, aliyekuwa mwanafunzi wake wa darasa la tano.

"Elfu nne mia tisa themanini," Déborah akasema. "Inapanda. Elfu tano, Madame."

"Futa."

"Pardon?"

"Futa, mutoto wangu. Nitalipa mara mbili. Sukari peke yake. Kisha sabuni na kiberiti."

Sukari, elfu tatu mia tano arobaini, ikashuka mpaka elfu tatu mia tano. Sabuni na kiberiti, elfu moja mia nne arobaini, vikashuka mpaka elfu moja mia nne. Déborah akatazama mashine, akatazama karatasi ukutani, akauma midomo asicheke.

"Madame, umeponyoka na mia moja."

"Hii nilikufundisha. Weye ulikuwa unasinzia."

Mia moja haimtajirishi mtu, lakini Léocadie aliibeba nyumbani kama zawadi. Kesho yake alimleta jirani yake Eliane, muuza vitenge. Kufika Alhamisi, wanawake saba walikuwa wamesimama kando ya magunia ya mchele, kila mmoja na kalamu, na Léocadie mbele yao.

"Mafuta yasitembee na chumvi!" aliwaonya. "Yakikutana tu, yanapanda."

Jumamosi Jean-Marie alifunga hesabu zake na kukuta kusawazisha kumemla badala ya kumlisha. Akashuka dukani mbio. Foleni ilikuwa imefika kwenye biskuti.

"Iko nini hapa? Mutu mumoja, fakture tano?"

"Ni sheria yako, Patron," Léocadie akajibu kwa upole wa kanisani.

"Sheria yangu haikusema hivyo!"

"Haikukataza pia."

Jean-Marie akachana karatasi, akaandika nyingine: kuanzia sasa kila jumla inapanda, hakuna kushuka. Akalala vizuri usiku wa Jumapili.

Jumatatu wanawake saba wakaja na kigari kimoja. Vitu vya nyumba saba vikaingia kwenye fakture moja, risiti ndefu kama utepe wa harusi, na mwisho wake ikapanda faranga ishirini tu. Halafu wakaketi mlangoni pa duka kugawana. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Huyu anadai sabuni yake, yule anapima sukari kwa kikombe, Eliane anamimina mafuta ya dumu kwenye chupa huku amefunga njia kwa magoti yake. Wateja wenye magari walichungulia, wakageuza.

"Mama Léocadie, nakuomba," Jean-Marie akasema, jasho likimtoka. "Unataka nini?"

"Beyi za mia tupu, Patron, bila mabaki. Za kusomeka."

"Sawa. Nitazipandisha zote."

"Zote?"

Léocadie alimtazama tu Eliane, aliyekuwa anafungua dumu la pili.

Jean-Marie akavuta kiti. Chini ya tangazo lake kubwa kwamba hapa bei hazipatanwi, wakapatana bei saa nzima, kitu kimoja kimoja, kama sokoni Sange. Sukari ikashuka. Chumvi ikashuka. Kwenye sabuni Léocadie alishika moyo, akahema, akakubali ipande ishirini.

"Na miye nitakula nini?" Jean-Marie akalalamika. "Nipe mayoneze niipandishe. Nipe mishumaa ya manukato. Nipe samaki wa kopo!"

"Samaki wa kopo hapana! Hapo unatuua."

Kadiri Léocadie alivyozidi kukataa ndivyo Jean-Marie alivyozidi kukaza. Mwishowe Léocadie akainamisha kichwa, na Jean-Marie akapandisha kopo kwa mia tano nzima, akaandika kwa kalamu nyekundu, uso umemfunguka.

Nje, Eliane alimvuta mkono. "Madame, mia tano! Umetuuza?"

"Eliane, weye ulikula samaki wa kopo lini?"

Eliane akageuka. Ng'ambo ya barabara, ndagala, dagaa wa ziwani waliovuliwa alfajiri, walikuwa wameanikwa mpaka ukingoni mwa ziwa. Kicheko kikamshika hata akaweka dumu chini. Jean-Marie, aliposikia vicheko, alitokea dirishani akawapungia mkono, akishukuru kwamba wamekubali kushindwa bila kinyongo.