Maneno Manne ya Papa Hubert

Kitshanga nzima ilishapata habari: mume wa Dancille, yule mama muuza maziwa, ananena kwa lugha!

Tuanze nyuma kidogo, msije mkaniita mwongo. Mwezi mmoja kabla ya hapo tension, yaani presha, ilimpanda Papa Hubert akiwa anakata majani ya ng'ombe, akaanguka puu. Muganga wa hospitali alisema mshipa ulipasuka kichwani, damu ikaingia pale maneno yanapokaa. Mkono wa kuume ukalala. Kiswahili chake chote, kile kile alichomtongozea Dancille miaka kumi na tisa iliyopita kwa kuyasifu maziwa yake, kikapotea. Kifaransa cha shule nacho kwaheri. Yalibaki maneno manne yasiyoeleweka, aliyoyasema kila asubuhi Dancille alipomletea kikombe cha maziwa ya moto. Aliyasema kwa nguvu, macho kwenye kikombe, mkono mzima ukiwa juu.

"Anabariki maziwa!" Mama Chantal, kiongozi wa kundi la maombi, alipiga kelele siku alipokuja kumpa pole. Akayaandika kwenye daftari. Kufika Jumatano, akina mama thelathini walikuwa wakiyaimba kwa machozi. Mama mmoja Muhunde alinong'ona kwamba neno la pili linafanana na la kwao, wakamwambia anyamaze, asimzuie Roho.

Darius, kaka yake Dancille, yeye hakuona malaika yeyote.

"Ile ni shetani," alisema Alhamisi. "Batu ya akili habasemake vile. Kesho kutwa, Jumamosi, siku ya posho, nakuya na moto, ile pikipiki yangu. Tutamupeleka kule mulimani kwa batu ya maombi, bamufungishe siku saba. Hakuna chakula, hakuna maji."

"Atakufa, kaka!"

"Na sasa njo iko muzima? Hata weye hakujuwe tena."

Neno hilo lilimchoma Dancille mpaka mfupani, kwa sababu ndilo aliloliogopa mwenyewe. Alikuwa anamwosha mtu, anamlisha mtu, na hakuwa na hakika kama mwenye mwili yumo ndani. Angekuwa na hakika, ni nani angethubutu kumgusa mume wake?

Ijumaa alikuwa sokoni na madumu yake. Kwenye banda la mabati nyuma yake, kundi la Mama Chantal liliyapandisha yale maneno manne mpaka mabati yakatetemeka. Mbele yake mama mgeni, Godelieve, aliyetoka Ntoto kule Walikale kuuza mafuta ya mawese, alikuwa anapokea kikombe chake cha maziwa. Akasikia. Kikombe kikamponyoka. Akacheka, jamani! Alicheka mpaka kitenge kikamlegea kiunoni.

"Mama, nani alifundisha bale batu Kinyanga, luga ya kwetu?"

"Kinyanga gani? Ile ni lugha ya mbinguni."

"Mbinguni! Dada yangu, banaimba, 'Ondoa maziwa yako, inanuka!'"

Dancille akakumbuka alikotoka huyu mama. Ntoto! Si ndiko alikozaliwa Hubert? Alifika Kitshanga kijana, akikimbia vita, na lugha ya mama yake hakuitoa mdomoni tena. Huku kwenye ng'ombe angeongea na nani? Kumbe Kiswahili kilipomwagika, na Kifaransa kikafuata, cha utotoni kilibaki chini kabisa, na watu wakakiimbia haleluya!

Madumu aliyaacha pale pale. Alimshika Mama Godelieve mkono, wakatoka mbio, pikipiki zikiwapigia honi, akina mama wa maombi wakitoka kuchungulia. Nyumbani wakamkuta Darius amewahi siku moja, kamba ya kumfungia mgonjwa kwenye pikipiki iko mkononi.

"Ngoja kwanza!" Dancille alimpita.

Mama Godelieve akainama mbele ya Papa Hubert, akamsalimia kwa Kinyanga. Ule uso, laiti mngeuona! Midomo ikatetemeka, machozi yakashuka, kisha maneno yakaanza kuja, mengine yakikwama, mengine yakitoka kichwa chini miguu juu, lakini yakija.

"Anauliza kama nilileta ndizi," Godelieve akasema. "Anasema toka agonjwe haoni ndizi. Ni maziwa, maziwa, maziwa."

Darius akaishusha kamba. Dancille hakucheka bado.

"Mumuulize," akasema, "mimi ni nani?"

Godelieve akauliza. Papa Hubert akamtazama mke wake. Mdomo ukafunguka, ukafungika. Ukafunguka tena, bila kitu. Ndipo mzee akakinyooshea kidole kikombe cha asubuhi, kilichobaki kimejaa kwenye kigoda, akasema polepole, neno moja baada ya lingine.

Mama Godelieve akajifuta macho na ncha ya kitenge.

"Anasema unauliza bure. Anasema, 'Huyu? Maziwa sikuyapenda hata siku moja. Ni sababu yake njo nilikunywa miaka kumi na tisa.'"

Dancille alipiga kigelegele kilichosikika mpaka sokoni. Akakichukua kile kikombe, akayanywa maziwa yote mwenyewe, baridi vile vile, analia na kucheka. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Kaka, moto iko na mafuta? Basi kimbia ku soko, ulete ndizi!"