Vikombe Sita Kila Nyumba

Kompyuta ya Daktari Mativo ilimwita Lydiah mwongo saa tatu asubuhi, na kufikia saa nne alikuwa akimfuata daktari huyo katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, fomu zake kwapani. Mwaka ulikuwa 1987, na utafiti ulihusu kuhara kwa watoto. Kati ya fomu arobaini alizojaza Lydiah, thelathini na moja zilisema watoto ni sita. Programu mpya, iliyofundishwa kunusa fomu za kubuni, ikazitema.

"Siku hizi mtafiti wa maana hafanyi kazi bila akili ya mashine," Mativo alisema akiruka mtaro. "Haina undugu. Nionyeshe nyumba moja tu ulimouliza. Ukishindwa, kazi huna."

Nyumba zote Lydiah alifika, soli za viatu ni mashahidi. Lakini kina mama wale, Wakikuyu kama yeye, hawataji idadi ya watoto wao. Kumhesabu mtoto ni kumwitia kifo. Akaona haya kuuliza, akahesabu vikombe vya bati rafuni. Akili nyingi huondoa maarifa: vikombe hivyo viliuzwa kwa nusu dazeni, karibu kila nyumba ina sita.

Lydiah alimpeleka kwa Waringa, aliyekuwa mlangoni akifua, mtoto mgongoni.

"Mama, unamjua huyu?" Mativo aliuliza.

"Lydiah? Juzi alikunywa chai hapa asubuhi nzima."

"Ulimwambia una watoto wangapi?"

"Hilo halisemwi, daktari."

"Nilihesabu vikombe," Lydiah alisema, machozi yakimlenga.

"Basi mashine imesema kweli. Kazi yako imeisha."

Waringa alimtazama Lydiah, akafuta povu mikononi.

"Si hii kazi ndiyo inamlisha mama yako?"

"Ndiyo, mama."

"Andika, daktari. Irungu, mmoja. Njoki, wawili." Waringa alikunja kidole kwa kila jina. Jirani aliyekuwa akianika nguo alisikia, akakimbilia ndani na kufunga mlango.

"Mama, inatosha! Wacha nifutwe!" Lydiah alimsihi.

Waringa hakuacha. Alipofika kwa wa mwisho alimtoa mgongoni, akamkumbatia kwa nguvu, ndipo akasema, "Nane."

Mativo aliandika, uso umemkunjuka. "Umeona? Ni kuuliza tu. Kazi ni yako bado, Lydiah. Zimebaki nyumba thelathini. Tuanze na huyo jirani."

Lydiah alimwangalia Waringa, ambaye midomo yake ilikuwa ikiomba bila sauti. Kisha akaenda kusimama mbele ya mlango wa jirani.

"Hapa hupigi hodi, daktari," alisema, akamrudishia fomu zote.