Koboko Kwenye Somo la Kiingereza

Tangu asubuhi Rustika Manirambona alikuwa anakiogopa kipindi cha Kiingereza. Alikuwa kidato cha pili katika shule moja pale Kanyenye mjini, akiishi kwa mama yake mdogo, wazazi wamebaki kijijini Ulyankulu wakilima tumbaku yao. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini alichokihofia zaidi ni ulimi wake mwenyewe. Akishtuka tu, Kirundi cha nyumbani kinamponyoka, na wenzake walishawahi kumwita mkimbizi, ingawa aliyekimbia ni babu yake, na yeye kazaliwa hapahapa.

Siku hiyo mwalimu Getruda alikuwa anawarudisha kwenye misingi kwa ajili ya mtihani: nomino ni nini, kitenzi ni nini, kivumishi kinakaa wapi. Wakishamaliza, kila mmoja asimame asimulie hadithi fupi kwa Kiingereza. Atakayechomekea lugha nyingine atavalishwa kibao cha aibu shingoni hadi saa ya kwenda nyumbani.

Asmahani, jirani yake wa dawati, binti wa fundi cherehani wa mjini, ndiye aliyekuwa anasimulia. Darasa linacheka. Rustika hasikii kitu, maana zamu inayofuata ni yake. Akainua macho juu, kama mtu anayetafuta maneno darini.

Dari juu ya ubao ilikuwa imeoza kwa mvua, ikatoboka. Kwenye tundu lile ulining'inia waya wa umeme. Kisha ule waya ukainua kichwa.

Koboko.

Mwalimu Getruda alisimama chini yake kabisa, kaupa ubao mgongo, chaki mkononi. Rustika akanyoosha kidole.

"Subiri zamu yako," mwalimu akamwambia kwa Kiingereza, bila hata kumtazama vizuri.

Akalitafuta neno. Nomino zote walizoimba muda mfupi uliopita zilikuwa zimeruka kama kware. Kilichomjia ni jirani yao Aleksi, aliyeumwa na koboko shambani, wakambeba kwenye baiskeli, akakata roho kabla hawajaiona zahanati. Nyoka akateremka tena, taratibu, kichwa kikawa usawa wa kilemba cha mwalimu.

"Inzoka!"

Darasa zima likageuka kumtazama. Kirundi kilikuwa kimemponyoka; Rustika akatamani ardhi immeze. Lakini nyuma kabisa Recheli, Mnyamwezi wa Isikizya, aliruka juu ya dawati. Kwao nako neno ni hilohilo.

"Nzoka! Jamani, nzoka kweli!"

"Madam, usigeuke," Rustika akasema kwa Kiswahili. "Njoo huku kwetu. Polepole."

Mwalimu Getruda akapiga hatua, kisha nyingine. Chaki ikamdondoka. Na nyoka naye akadondoka, pu! juu ya meza.

Hapo madawati yakapinduka, watu wakagombea mlango. Rustika alikwishafika kizingitini aliposikia anaitwa.

"Rusti! Usiniache!"

Ushungi wa Asmahani ulikuwa umenasa kwenye msumari wa dawati. Kule mbele koboko alikuwa kajiinua, anageuza kichwa huku na huku. Rustika hakujua miguu yake ilirudije. Aliukamata ule ushungi kwa mikono miwili, akauvuta hadi ukachanika, wakatoka wamekumbatiana, wakaanguka vumbini.

Wanaume wa jirani walikuja na fimbo. Wakapekua madawati, wakapanda darini, wakatoka mikono mitupu.

"Ulisema nini pale?" mwalimu Getruda alimuuliza.

"Nyoka, madam."

"Kwa lugha gani?"

Rustika akainama. "Kirundi."

"Hata sisi Wasukuma tunasema hivyohivyo," mwalimu akasema, akamshika bega. Asmahani alikuwa hajauachia mkono wake, na hakuna aliyetaja ukimbizi.

Kesho yake walirudishwa chumba kilekile, maana mtihani haungoji. Tundu limezibwa kwa kipande cha mbao. Mwalimu alifundishia mlangoni. Wanafunzi walikaa wamekunja miguu juu ya viti. Rustika alisimama akaanza hadithi yake kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika, na hakuna aliyemcheka. Katikati ya sentensi kitu kikapita darini, sssss, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

"Panya," mwalimu alisema haraka. "Endelea."

Rustika akaendelea, macho yake juu.